Kwa nini mimi mukristo sikutia saini ile karatasi



Mwezi uliopita niliondolewa kwenye kazi ya usekretari wa kikundi cha vijana wa parokia yetu, hapa Lubumbashi. Haikuwa kazi ya mushahara, lakini iliniuma. Sababu ni karatasi moja niliyokataa kutia saini. Tangu siku ile watu wananiuliza, wengine kwa simu, wengine barabarani, ikiwa nimeacha imani. Sijaacha. Na ninataka kueleza, maana ninaona ni imani yenyewe njo ilinizuia.

Karatasi iliandikiwa burugumesta wa komini. Iliomba mambo matatu: baa zote za kartiye zifungwe siku ya Mungu kutwa nzima, polisi ikamate wasichana wenye kuvaa nguo fupi, na makanisa madogo yenye kupiga kelele usiku yanyanganywe ruhusa.

Niseme wazi mapema: mama mudogo wangu anauza bia na lutuku nyumbani kwake. Pesa ile njo ililipa minervali yangu miaka mitatu nikisoma sheria. Basi munaweza kusema ninatetea mufuko wa jamaa. Semeni, lakini someni kwanza.

Aliyeandika karatasi ni mwenzangu tuliyesoma naye, mutu wa sala na wa kusaidia watu kweli. Aliponiona ninarudisha kalamu, akaniuliza mbele ya wote: "Yaya, weye unasemaka kila siku uko mulibertari. Sasa uko mukristo ao uko mulibertari? Mungu anakataza, weye unaruhusu?"

Swali lake lina uzito, na wengi wetu tunalibeba kichwani bila kulisema. Mulibertari ni mutu mwenye kuamini kwamba kila mutu mukubwa ni bwana wa mwili wake, mali yake na zamiri yake, na kwamba leta iko na kazi moja ya lazima: kuzuia mutu asimuumize mwingine, asimwibie, asimudanganye kwa mapatano. Mukristo naye anaamini kwamba mwili si mali yetu tu, ni wa Mungu, na kwamba ulevi, uzinzi na tamaa ni zambi. Ukiweka sentensi hizi mbili pamoja, zinaonekana kama zinapigana.

Lakini angalia vizuri: moja inajibu swali "ni nini kizuri mbele ya Mungu?", na ingine inajibu swali "ni kwa jambo gani mutu anaweza kumutumia mwingine askari?" Ni maswali mawili. Kusema kwamba polisi isiguse jambo fulani si kusema kwamba jambo lile ni zuri. Mimi sisemi uongo kwa mama yangu, na sipendi mutu aseme uongo kwa mama yake. Lakini hakuna hata mumoja kati yetu anayetaka gereza kwa ajili ya uongo wa namna ile.

Tofauti hii hawakuileta Wamarekani wa juzi. Thomas wa Akwino, mwalimu mukubwa wa Kanisa katika karne ya 13, aliuliza ndani ya Summa yake kama sheria ya wanadamu inapashwa kukataza maovu yote. Akajibu hapana. Sheria, anaeleza, inatungwa kwa ajili ya watu wengi, na wengi wao si wakamilifu; inakataza maovu mazito tu, zaidi yale yenye kuumiza wengine, kama kuua na kuiba. Nisiwadanganye, Thomas hakuwa mulibertari. Aliona sawa wazushi wa imani wauawe na leta, na pale simufuati hata hatua moja. Lakini mulango alioufungua ni mukubwa kuliko alivyopenda kupita mwenyewe.

Na mbele ya Thomas kuna Yesu. Yohana sura ya 8 inaeleza habari ya mwanamuke aliyekamatwa katika uzinzi. Sheria ya kumupiga mawe ilikuwapo, na washitaki walikuwapo. Yesu alifanya mambo mawili: aliondoa mawe katika mikono ya watu, kisha akamwambia yule mwanamuke asifanye zambi tena. Sisi tunapenda kuchukua nusu moja. Mwenzangu anachukua neno la mwisho na kusahau mawe. Walibertari wengine wanachukua mawe na kusahau neno la mwisho. Kijana tajiri naye, alipokataa kuuza mali yake, alienda zake akiwa na huzuni, na hakuna aliyetumwa kumukamata. Hata baba wa mwana mupotevu alimupa mutoto sehemu yake na akamuacha aende, akijua bila shaka itaishia wapi.

Munisamehe, ninaanza kuhubiri. Turudi Kongo, maana historia yetu inafundisha jambo hili kuliko vitabu.

Mwaka 1921 Simon Kimbangu alianza kuhubiri na kuponya wagonjwa kule Nkamba. Hakuwa na bunduki. Leta ya Wabelgiji iliona watu wanaacha kazi kumufuata, ikasema usalama wa watu wote uko hatarini. Kati ya wenye kusukuma leta imufunge walikuwamo wamisionari, ni kusema Wakristo. Tarehe 3 Oktoba 1921 baraza la askari kule Thysville, leo Mbanza-Ngungu, lilimuhukumu kifo. Mufalme Albert akageuza hukumu kuwa kifungo cha maisha. Akaletwa hapa kwetu, wakati ule Elisabethville, akakaa gerezani mpaka kufa kwake tarehe 12 Oktoba 1951. Miaka 30 kamili. Kila ninapopita njia ya kuelekea muji wa zamani ninafikiri: Wakristo wale walidhani wanalinda imani safi.

Kisha ikaja zamu ya Mobutu. Tarehe 31 Desemba 1971 sheria mupya juu ya makanisa ilikubali matatu tu: Katoliki, Waprotestanti waliounganishwa chini ya kichwa kimoja, na Wakimbangu. Ndiyo, wana wa yule aliyefungwa sasa walikuwa ndani, na wengine njo walibaki inje. Mwaka 1972 majina ya ubatizo ya kizungu yakakatazwa. Kardinali Malula alipinga, akapashwa kwenda uhamishoni Roma. Mwaka 1974 Noeli iliondolewa kati ya siku za mapumziko, na masomo ya dini yakatolewa kwenye masomo ya shule. Ni Kanisa lililo kubwa kuliko yote katika inchi, na halikuweza kuzuia.

Ndiyo maana lile ombi la tatu la karatasi liliniogopesha kuliko mengine. Kelele ni jambo lingine: usingizi wa jirani ni mali yake, na kama wangeomba tu sauti ipunguzwe saa za usiku, ningetia saini mara moja. Lakini waliomba ruhusa ya kusali inyanganywe. Ukimupa burugumesta ufunguo wa kufunga kanisa la jirani, ufunguo ule unafungua na mulango wako. Leo anayeushika anapenda Wakatoliki. Kesho?

Juu ya nguo fupi sina maneno mengi. Munajua wenyewe nani atashikwa, nani atatoa franka ili aachiliwe, na musichana atakayekosa franka ataombwa nini. Mwaka jana tulipata amri ya saa za kufunga baa. Askari walifika kwa mama mudogo siku ya tano jioni, wakahesabiwa pesa, wakaenda. Baa haikufungwa, bei ya bia njo ilipanda. Lakini sitaki kuegemea rushwa peke yake, maana mwenzangu atasema: tengeneza polisi kwanza. Sawa. Nipe askari watakatifu, wasio na njaa. Bado hawatatoa kile tunachotafuta, maana mutu aliyeacha pombe kwa kuogopa fimbo hajamupa Mungu kitu. Ametoa kwa askari.

Sasa upande wa pili, maana mimi pia ninagombana na wenzangu walibertari. Wengine wanamusoma Ayn Rand na kurudi wakisema kujipenda mwenyewe njo sifa kubwa, na kumutumikia mwingine ni ujinga. Pale tunaachana. Rand hakumwamini Mungu, na alikuwa anafuata mawazo yake mpaka mwisho. Mukristo hawezi kumufuata kule. Kwangu, kukataa kunyanganya ni sakafu tu, si nyumba. Katika Matendo ya Mitume sura ya 5, Petro anamukumbusha Anania kwamba shamba lilikuwa lake kabla hajaliuza, na kwamba hata pesa zake zilikuwa mikononi mwake. Hakuna aliyemulazimisha. Kosa lake lilikuwa uongo. Wakristo wale wa kwanza waligawana mali kuliko chama chochote cha kikomunisti, na waligawana bila mutoza kodi. Msamaria mwema alitoa dinari mbili za mufuko wake mwenyewe. Mulibertari asiyetoa dinari hajavunja sheria yangu, lakini amepita kando ya mutu aliyelala njiani.

Mutaniuliza Waroma sura ya 13, juu ya kutii wakubwa. Ninaisoma. Paulo anasema mukubwa anabeba upanga juu ya mwenye kutenda maovu, na mimi pia ninataka upanga ule kwa mwizi na muuaji. Lakini Samweli alikuwa amewaonya Waisraeli, walipodai mufalme, kwamba atachukua wana wao, mashamba yao na sehemu ya kumi ya mavuno yao. Na sisi tulipata mufalme wa namna ile: tarehe 1 Julai 1885 leta ya Leopold II iliandika kwamba ardhi zote zisizo na mutu ni zake. Mashamba ya kupumzisha, pori la kuwinda, yote. Frédéric Bastiat, Mufaransa aliyeandika kitabu kidogo La Loi mwaka 1850, alikuwa ameeleza mapema wizi wa namna hii, ule unaofanywa na sheria yenyewe. Wanafunzi wa sheria, kitafuteni; munakimaliza kwa siku moja.

Hoja moja ya mwenzangu ilinipiga kabisa. Tulipobaki wawili, aliniambia: "Bwana ya yaya yangu anakunywaka mushahara yote kwa mama kama wako. Batoto banalala njaa. Uhuru yako inabasaidia nini?"

Nilinyamaza sana. Kisha nilimwambia ninavyofikiri mpaka leo. Akimupiga bibi yake, ni kosa, polisi ifike usiku uleule. Watoto aliozaa ni deni lake, na deni linadaiwa mbele ya baraza. Sheria ya Jamaa ya mwaka 1987 inalazimisha muzazi kulisha watoto wake. Yaya yake anaweza kushitaki ili sehemu ya mushahara ikatwe, na mimi niliahidi kumuandikia barua ya mashitaka bila kulipwa. Tumeianza. Lakini kufunga baa ya kila mama wa kartiye kwa sababu ya deni la mutu mumoja, hapana.

Alisikiliza. Hakukubali. Juma iliyofuata mukubwa wa kikundi alinituma nirudishe daftari na kashe, nikarudisha. Karatasi ilienda komini bila jina langu. Bado ninasali nao.

Lakini maneno yake yalinifuata mpaka nyumbani, maana sheria ikinyamaza, mimi sina ruhusa ya kunyamaza. Jioni moja, tukiwa tunakula bukari, nilimwambia mama mudogo kwamba yeye ni huru kuuza na ni huru pia kukataa kuuza. Nikamutajia wanaume wawili wa avenue yetu wenye watoto, nikamuomba asiwauzie siku za mushahara.

Akaweka kikombe chini, akaniangalia. "Na weye," akasema, "minervali yako ilitokeaka wapi?"

Sikuwa na jibu. Nilinawa mikono, nikamushukuru kwa chakula. Siku ya posho iliyofuata nilirudi kumuomba tena.