Petroli Iliyobaki Ndani ya Pampu

Mkulima wa Entarara, na wewe wa Kitengela na Isinya, mvua zikinyesha vizuri pampu yako ya maji hupumzika. Mipira hukunjwa, mashine hupelekwa stoo, nayo petroli iliyobaki huachwa ndani ya tangi. Wengi hudhani hiyo ni akiba. Kisha kiangazi charudi, nyanya zaanza kunyauka, na mwenye shamba avuta kamba mara ishirini bila injini kuwaka. Fundi aitwa, naye huenda akafika baada ya siku tatu. Nyanya zilizo katika maua haziwezi kungoja siku tatu.

Watu husema mashine ni mbovu. Mara nyingi mashine ni nzima, ila petroli ndiyo imeharibika.

KWA NINI HUHARIBIKA

Petroli ni mchanganyiko wa mafuta mengi, mengine mepesi na mengine mazito. Yale mepesi ndiyo huwasha injini iliyo baridi, nayo ndiyo hutoroka kwanza kwa tundu la hewa lililo katika kifuniko cha tangi. Stoo ya mabati yenye joto huyaondoa upesi zaidi. Yale yanayobaki hukutana na hewa, yakabadilika polepole na kuwa ulimbo. Petroli iliyozeeka hugeuka rangi ikawa nyeusi kidogo, na hunuka kama vanishi ya seremala.

Ulimbo huo hukaa katika kabureta. Humo mna vitundu vyembamba kama vya sindano, na kimoja kikiziba injini haipati mafuta ya kutosha. Petroli iliyo katika kikombe cha kabureta ni kidogo sana, kwa hiyo ndiyo hukauka kwanza. Yaweza kuleta taabu baada ya mwezi mmoja au miwili tu. Masika yetu ni Machi hadi Mei, na vuli ni Oktoba hadi Desemba. Msimu mmoja watosha.

Adui wa pili ni maji. Tangi likiwa nusu, usiku wa baridi unyevu wa hewa iliyo ndani hugeuka matone. Maji ni mazito kuliko petroli, hivyo huzama chini na kuleta kutu.

Shida hii si yetu peke yetu. Huko Ulaya na Marekani maziwa mengi huganda wakati wa baridi, na wenye mashua za injini huziweka ghalani miezi mingi. Nao hushughulika na mafuta kwanza kabla ya kufunga mlango.

LA KUFANYA

1. Mvua zikikaribia, nunua petroli kidogo kidogo, ya kutumia mara moja.

2. Siku ya mwisho ya kumwagilia, zima pampu na uiache ipoe kabisa. Iwe mahali wazi, mbali na jiko na sigara. Toa petroli ya tangi uitie katika chombo kilichotengenezwa kwa mafuta, chenye kifuniko kizuri. Usiinyonye kwa mpira ukitumia kinywa. Ikiingia mapafuni yaweza kuua.

3. Pampu ikiwa ingali na maji ndani, washa injini uiache ingurume polepole mpaka ijizime yenyewe kwa kukosa mafuta. Usiizungushe bila maji, kwani sili ya pampu itaungua.

4. Ikiisha kupoa tena, fungua skrubu iliyo chini ya kikombe cha kabureta, tone la mwisho litoke, kisha uifunge.

5. Toa plagi, tia kijiko kimoja cha oili safi katika tundu lake, vuta kamba polepole mara mbili au tatu, urudishe plagi. Oili hiyo huzuia kutu.

6. Mwaga maji yote yaliyo katika pampu, uifunike na kuiweka pakavu.

Kama injini yako ni ya dizeli, fanya kinyume: jaza tangi. Dizeli haitoroki upesi kama petroli, lakini nafasi tupu hukusanya unyevu, na vijidudu huota palipokutana maji na dizeli, vikafanya utelezi unaoziba chujio. Tena, ukiimaliza dizeli katika mabomba hewa huingia, na itakubidi kuitoa hewa hiyo kabla injini haijawaka.

PETROLI ULIYOITOA

Kama bado ni mpya na safi, itie katika pikipiki au gari, itumike sasa. Iliyochanganywa na oili kwa ajili ya mashine ndogo ya kunyunyizia dawa itumike katika mashine ya namna hiyo tu. Iliyozeeka usiimwage mtoni wala karibu na kisima, na isiachwe ng'ombe wanapoweza kuilamba. Muulize mwenye gereji anayekusanya mafuta machafu.

Usiitie kamwe katika taa wala jiko la mafuta ya taa, hata ikichanganywa kidogo. Italipuka.

Usiiweke ndani ya nyumba mnamolala au kupika. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa mara 3 hadi 4. Hutambaa sakafuni bila kuonekana mpaka uufikie moto wa mafiga. Kumbuka yaliyotokea Sachangwan karibu na Molo tarehe 31 Januari 2009. Lori la petroli lilianguka, watu wakakusanyika kuchota, moto ukawaka, na zaidi ya watu 100 wakafa. Petroli ya debe moja ina tabia ile ile.

Wala usiitie katika chupa ya soda. Mtoto mwenye kiu hawezi kujua. Akiinywa, usimlazimishe kutapika, maana yaweza kuingia mapafuni akitapika. Mpeleke hospitali mara moja.

KIANGAZI KIKIRUDI

Usingoje miche ifike shambani ndipo ujaribu mashine. Wiki moja kabla ya kupanda, angalia oili, tia petroli mpya, jaza pampu maji, kisha uwashe. Ikikataa, una wiki nzima ya kumtafuta fundi, na mche wako ungali salama kitaluni.