Farasi wa Kiarabu: Mwepesi wa Hofu, Mwepesi wa Kumbukumbu

Farasi wa Kiarabu amebeba sifa mbili zinazogombana. Wanaomfuga humsifu kwa upole: mtoto mdogo humshika kamba akamwongoza hadi mtoni, naye hufuata bila ubishi. Waliomkodi kwa saa moja ufukweni husema ana kichaa. Mfuko wa plastiki umepeperuka, yeye ameshachomoka pembeni, na aliyempanda anajipangusa mchanga. Wote wanasema kweli, na wanaeleza kitu kimoja.

Farasi wa aina yoyote ni mnyama wa kuwindwa. Macho yamekaa ubavuni mwa kichwa, hivyo huona karibu mzunguko mzima, ila sehemu ndogo iliyo mbele ya paji la uso na nyingine nyuma ya mkia. Masikio hugeuka kila moja kivyake. Kinga yake kubwa ni miguu: hukimbia kwanza, kutazama baadaye. Msomaji wa Lamu aliyelelewa na punda asijidanganye hapa. Punda akitishika mara nyingi husimama kidete, ndiyo maana husingiziwa ukaidi. Farasi huondoka. Na mpandaji anayekaza hatamu kwa nguvu ili kumtuliza anampa sababu ya pili ya kuogopa, kwa kuwa sasa njia ya kutorokea nayo imefungwa.

Kwa farasi wa Kiarabu hulka hiyo iko karibu zaidi na ngozi. Utafiti uliochapishwa Uingereza mwaka 2008 ulilinganisha tabia za farasi wa aina 8, na wa Kiarabu wakawa miongoni mwa walioonekana kuwa wepesi zaidi wa kusisimka na kuingiwa na wasiwasi. Waliokuwa nao huko juu ni farasi wa mbio wa Kiingereza, na si ajabu, maana hao ni wajukuu zao. Darley Arabian, dume lililotolewa Aleppo mwaka 1704 likapelekwa Uingereza, ndilo babu wa farasi wengi mno wa mbio waliopo leo kwa upande wa baba.

Wasiwasi huo usichukuliwe kuwa ubaya wa tabia. Mnyama anayesikia unyoya ukianguka husikia pia kidole chako kwenye kamba. Anajifunza upesi, na hapo ndipo penye shughuli: hujifunza upesi kila kitu, pamoja na makosa yako. Farasi mzito wa kuvuta mikokoteni anaweza kukuvumilia ukiwa mkali leo na mlegevu kesho. Wa Kiarabu atakuwa ameshaandika yote mawili.

Basi ule upole ulitoka wapi? Watu hupenda kujibu kwamba uko katika damu. Ndiyo, kwa sehemu. Mabedui wa Najd na majangwa ya Shamu walichagua mbegu zao kwa makini na kuhifadhi nasaba kwa kufuata ukoo wa mama: Kuhaylan, Saqlawi, Ubayyan, Hamdani, Hadban. Vitani walipenda zaidi jike, kwa sababu dume likinusa farasi wengine hupiga kelele na kuharibu uvamizi wa usiku. Jike la thamani liliweza kulazwa hemani pamoja na familia, na pale nyasi na maji vilipokuwa haba lilinyweshwa maziwa ya ngamia. Mnyama anayeng'ata au kurusha mateke ovyo hapati nafasi mahali wanapolala watoto, sembuse kuachwa azae.

Lakini damu bila malezi haifiki mbali. Mwanafarasi wa hemani alizaliwa miguuni mwa watu. Alisikia vyungu, vilio vya watoto, mbwa, turubai ikipigwa na upepo, tangu siku ya kwanza hadi alipozeeka. Leo katika mabanda ya kifahari ya Ghuba utamkuta mjukuu wake amewekewa kiyoyozi, ametolewa nje kidogo kufanyishwa mazoezi, kisha amerudishwa peke yake. Nasaba ni ileile. Akishtukia ndoo, tusimlaumu babu yake.

Anayetaka kuona imani ya farasi kwa binadamu ikiwa hai aende Oman, kwenye ardha ya farasi na ngamia, mila iliyoingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi mwaka 2018. Waswahili wenye ndugu Maskati au Sharqiya huenda wameiona kwenye harusi au sikukuu. Farasi wawili hupiga shoti bega kwa bega, wapandaji wameshikana mikono, kisha mmoja husimama wima juu ya mgongo wa farasi wake. Mtazame farasi, mwache mpandaji. Uzito umehama mgongoni, kelele za watu ziko pande zote, na hatamu haziwezi kukazwa sana na mtu aliyesimama. Hakuna anayemzuia kugeuka. Anakwenda moja kwa moja kwa kuwa amefundishwa hatua kwa hatua kwamba uzito unaopanda na kushuka hauna madhara.

Kazi hiyo huanza chini, kabla ya tandiko. Usimwendee kwa mbele kabisa wala kwa nyuma. Elekea begani, kwa mshazari, ukitembea kawaida. Kunyata ni kosa, maana wanaonyata ni simba. Akiinua kichwa au akikaza shingo, simama. Subiri pumzi imtoke, kisha wewe ndiye urudi nyuma hatua moja, kabla hajaamua kuondoka yeye. Saisi anayeijua kazi hufanya hivi mara kadhaa bila hata kumgusa, na mgeni anayetazama hudhani jamaa anapoteza muda.

Ukifika, mkune pale shingo inapokutana na mgongo, mwisho wa manyoya ya shingo. Ndipo farasi wanapokunana wenyewe kwa meno. Watafiti nchini Ufaransa walionesha mwaka 1993 kwamba kukunwa mahali hapo hupunguza mapigo ya moyo, ilhali kukunwa penginepo hakukuleta matokeo hayo. Vile vibao vya shingoni ambavyo washindi wa mashindano huwapiga farasi wao mbele ya kamera ni furaha ya binadamu. Farasi huvivumilia tu.

Kisha kamba. Ivute kidogo, usiongeze, ngoja. Atakapohamisha uzito kuja kwako, hata kabla hajanyanyua kwato, legeza. Kinachomfundisha ni kule kulegea. Ukichelewa, akawa ameshasogea na wewe bado unavuta, umemwambia kwamba kusogea hakumsaidii kitu. Kwa wa Kiarabu, kuchelewa mara chache kunatosha kumfanya ajaribu njia nyingine, na njia nyingine huwa ni kusimama kwa miguu ya nyuma.

Mfuko wa plastiki nao hufuata kanuni hiyohiyo. Uonyeshe ukiwa mbali. Puani pamepanuka, masikio yameelekea mbele, shingo imekuwa mti: kaa hapohapo. Kichwa kikianza kushuka, uondoe. Kuna wanaomfunga farasi nguzoni na kumpungia mfuko usoni hadi aache kupambana, kisha wakajisifu kwamba ameshazoea. Hajazoea, amekata tamaa. Utamjua kwa jicho lisilofuata chochote na masikio yaliyolala pembeni. Huyo simwamini, maana siku hofu itakapozidi ule unyonge hatatoa dalili yoyote kwanza.

Hali yako wewe pia husomwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sussex walichapisha mwaka 2016 kwamba farasi walioonyeshwa picha ya uso wenye hasira waliitazama zaidi kwa jicho la kushoto na mapigo ya moyo yakapanda kwa kasi zaidi. Picha tu, mtu mwenyewe hayupo. Huko Rennes, Ufaransa, farasi waliofundishwa kwa kupewa zawadi ya chakula bado walimkaribia mwalimu wao baada ya miezi kadhaa ya kutengana. Aliyegombana na bosi wake asubuhi afanye usafi wa banda siku hiyo, mafunzo yangoje.

Mwisho, si kila kushtuka ni suala la imani. Tumbo la farasi hutoa asidi saa zote, kwa sababu limeumbwa kwa mnyama anayekula majani kidogokidogo sehemu kubwa ya siku na usiku. Mlishe nafaka mara mbili tu kwa siku, umfungie, umfanyishe kazi kali, na vidonda vya tumbo haviko mbali. Dalili mojawapo ni kugeuka kutaka kung'ata unapokaza mshipi wa tandiko. Tandiko lenyewe nalo likaguliwe: mgongo wa farasi wa Kiarabu ni mfupi, na tandiko refu lililokusudiwa farasi mkubwa wa Ulaya humkandamiza kiunoni kila hatua. Kuna pia meno, ambayo huota ncha kali zikachana shavu chini ya lijamu. Aliyekuwa mpole kisha akabadilika ndani ya wiki mbili aitiwe daktari wa mifugo kwanza. Mwalimu aje baada ya daktari kuangalia mdomo, mgongo na tumbo.