Kutu Kwenye Sahani za Breki

Mkulima wa Kinangop akiacha pikapu nje usiku wa mvua, asubuhi huona sahani za breki zimekuwa nyekundu. Asitishike. Chuma chake hushika kutu upesi, na kutu hiyo nyepesi huondoka akiendesha polepole na kukanyaga breki mara chache.

Hatari iko kwa yule apendaye ling'are. Wako watu wapakao grisi kuzuia kutu. Usifanye hivyo kabisa! Pedi zikishika mafuta, gari halisimami, nawe uko mteremkoni na mikebe ya maziwa nyuma.

Ukitaka kusafisha, zuia magurudumu kwa mawe, tegemeza gari kwa vigogo imara, si jeki peke yake, kisha fungua gurudumu. Usipulize vumbi: pedi za zamani huenda zina asbesto, iharibuyo mapafu. Lipanguse kwa kitambaa kilicholowa. Sugua kitovu na ukingo kwa brashi ya waya, upake hapo tu rangi istahimiliyo moto. Mahali pedi zinaposhika pasiguswe na rangi. Pakiwa na mifereji au ufa, mwite fundi apime unene. Kipimo cha mwisho mara nyingi kimeandikwa kwenye sahani yenyewe.