NYAYO ZAKO ZINASEMA NINI?

Wafugaji wa Usukuma wanajua kusoma nyayo. Ng'ombe anayechechemea haukanyagi sana mguu mbovu. Alama ya kwato ile haizami katika tope. Mfugaji huinama, hutazama, na hujua mguu unaouma kabla hajamwona ng'ombe mwenyewe.

Nyayo za mtu anayekimbia husomwa vile vile. Mwaka 2013 wataalamu walieleza kazi waliyoifanya kaskazini mwa Kenya, kwa Wadaasanachi. Hao ni wafugaji waliozoea kwenda pekupeku. Wataalamu walitandika chini mkeka wa kupimia. Mkeka huo una vipimo vidogo vingi. Mtu akiukanyaga, kila kipimo huonyesha kimebanwa kiasi gani. Kompyuta huchora unyayo wote, na mahali palipobanwa sana huonekana.

Kwa nini tupime? Fikiri juu ya ndoo ya maji. Ukiibeba bila kata, utosi unauma. Ukiweka kata, maumivu yanapungua. Maji ni yale yale, lakini uzito umeenea. Mguu nao ni hivyo. Uzito ukibana mahali padogo, hapo ndipo patakapoumia.

Watu wazima 38 walikimbia juu ya mkeka ule. Katika mwendo wa safari ndefu, kiasi cha watu 7 katika kila 10 walitanguliza kisigino. Walipoongeza mbio, wengi zaidi walitua kwa katikati ya unyayo. Lakini mwaka 2010 wataalamu wengine walikuwa wamewapima wakimbiaji wa Bonde la Ufa, Kenya, waliozoea kukimbia bila viatu. Hao mara nyingi walitanguliza sehemu ya mbele. Basi hata watu wa pekupeku hawakimbii namna moja.

Ndugu msomaji, nina sababu ya kuyaeleza haya. Mwaka jana kijana mmoja wa kijiji chetu alisikia kwamba mkimbiaji hodari hukimbia kwa vidole. Akabadili mwendo wake siku moja tu. Wiki ya pili misuli ya nyuma ya mguu wa kulia ikamuuma, akashindwa hata kupalilia pamba. Mimi ni bwana shamba, si mwalimu wa michezo. Niliitwa kwa kuwa nina pikipiki. Nikampeleka zahanati, akaambiwa apumzike.

Alipopata nafuu tulitaka kuona anavyokanyaga. Mkeka wa kupimia hatuna. Ufukweni sikukubali twende, kwa sababu ya kichocho. Tulingoja mvua, tukaenda kwenye uwanja wa mpira. Alikimbia polepole hatua 20. Nyayo za kushoto zilizama vizuri. Za kulia zilikuwa nyepesi. Baba yake, mfugaji, ndiye aliyeona kwanza.

"Bado anachechemea," alisema. "Asikimbie."

Alipumzika wiki 3 zaidi. Sasa anakimbia kwa mwendo wake wa zamani. Mvua ikikatika, mzee huenda uwanjani kutazama nyayo.