Jivu la makaa: uliza limepimwa vipi

Juzi baada ya Isha, barazani kwetu Mkomani, mazungumzo yaliangukia ule mradi wa makaa ya mawe wa Lamu. Mzee mmoja akaniuliza, "Mwanangu, mamangu alisugua sufuria kwa jivu maisha yake yote. Hili la makaa lina nini?"

Nilimwambia: mzee wangu, jivu la kuni na la makaa ya mawe si mamoja. Makaa yakiungua, kaboni huenda na moshi, lakini madini mengi yaliyokuwemo hubaki yamejikusanya jivuni: aseniki, risasi, kadimiamu. Ni kiasi gani? Hapo lazima lipimwe, na hapo ndipo pana mambo.

Mashine nyingi za maabara hupima maji, si unga. Kwanza jivu huyeyushwa kwa tindikali. Tatizo ni kwamba chembe zake nyingi ni kama kioo. Tindikali ya nitriki, hata ikiongezwa ya hidrokloriki na kuchemshwa, hutoa sehemu tu ya madini. Kioo chenyewe hakiyeyuki. Njia nambari 3050B ya shirika la mazingira la Marekani ni ya namna hiyo, na wenyewe wameandika kuwa haiyeyushi kila kitu. Njia ya 3052 huongeza tindikali ya hidrofloriki, inayokula kioo, ndani ya chombo cha tefloni kilichofungwa na kupashwa moto kwa mikrowevu. Tindikali hii ni hatari: ikimgusa mtu hupenya ngozi hadi mfupani.

Kwa hivyo jivu lile lile laweza kutoa hesabu mbili, ndogo na kubwa, na hakuna aliyesema uongo. Na hesabu kamili nayo haikwambii ni kiasi gani kitachuruzika kisimani au baharini mvua ikinyesha. Hicho ni kipimo kingine, cha kuliroweka.

Tarehe 26 Juni 2019, jopo la kitaifa la kesi za mazingira lilifuta leseni ya mtambo wa Lamu wa megawati 1,050, kwa sababu moja kubwa: wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Ndugu zangu, kushirikishwa si kutia sahihi na kunywa soda. Ukiletewa ripoti yoyote ya jivu, uliza: lilitiwa tindikali gani? Chombo kilifungwa, au zebaki ilipaa na mvuke? Je, lilipimwa pamoja na jivu jingine ambalo hesabu yake inajulikana, ili mashine ithibitishwe?

Asiyeweza kukujibu hayo, mwambie arudi maabara.