Kongo: Anayetaka kusoma sheria aanze kuandika kabla ya kuingia chuo

Matokeo ya Exetat yanapotoka, vijana wengi wa Goma, Bukavu, Kisangani na Lubumbashi huchagua kitivo cha sheria. Mlango wake ni mpana: aliyesoma latini-filozofia, biashara, pedagojia au sosiali anaweza kuomba nafasi. Lakini wengi huingia bila kujua ni kazi gani inayowangoja, na mzazi aliyeuza mbuzi au shamba ili kulipa minervali ndiye anayebeba hasara.

Tatizo la kwanza ni kuandika. Mbali na disertasio na mtihani wa kusema Kifaransa, sehemu kubwa ya Exetat ni kuchagua jibu moja kati ya yaliyoandikwa tayari. Mwanafunzi anaweza kupata asilimia 50 na zaidi bila kuzoea kupanga hoja kwenye karatasi tupu. Katika sheria, anapewa kisa na kuombwa aeleze nani ana haki, kwa sheria gani na kwa sababu gani. Tena kwa Kifaransa, lugha ya masomo na ya sheria zenyewe.

Zoezi la nyumbani

Vyuo vingine huwapa wanaoomba nafasi jaribio la Kifaransa na maarifa ya jumla, vingine hutazama dosye tu. Kwa vyote viwili, maandalizi ni yale yale.

Mfano mzuri ni kifungu cha 258 cha kitabu cha tatu cha sheria ya kiraia, sheria iliyotoka mwaka 1888 na inayotumika hadi leo. Kinasema kwa ufupi kwamba aliyemletea mwingine hasara kwa kosa lake lazima ailipe. Sasa, motari amegonga meza ya mama muuza nyanya. Je, atalipa? Mambo matatu yanatafutwa: kosa, hasara, na kwamba hasara imetokana na kosa hilo. Kama meza ilikuwa katikati ya barabara, jibu linabadilika.

Kijana aandike ukurasa mmoja kwa Kifaransa, kisha amweleze mzazi au jirani kwa Kiswahili. Msikilizaji asipoelewa, mara nyingi ni kwa sababu mwandishi naye hajaelewa vizuri. Siku moja ndivyo atakavyomweleza mteja wake. Katiba ya mwaka 2006 nayo isomwe mapema, hasa kifungu cha 19 kuhusu haki ya kujitetea au kusaidiwa na mtetezi.

Karatasi mapema

Diploma yenyewe mara nyingi huchelewa, kwa hiyo cheti cha kufaulu kitafutwe mara moja, pamoja na karatasi za pointi za shule, cheti cha kuzaliwa na picha. Kopi zihifadhiwe pia kwenye simu ya mtu wa pili. Aliyepoteza karatasi kwa kukimbia vita aanze na shule aliyosomea na ofisi ya inspeksheni ya elimu ya jimbo, asingoje wiki ya mwisho ya kujiandikisha.

Kuhesabu miaka

Neno "licence" linawachanganya wazazi wengi. Zamani ilikuwa miaka mitano: mitatu ya graduat na miwili ya licence. Katika mfumo wa LMD, ulioanza kuenezwa vyuoni mwaka wa masomo 2021-2022, licence ni miaka mitatu, na master huongeza miwili.

Anayetaka kuwa wakili ana tena staji ya miaka miwili, kwa sheria ya Septemba 1979 kuhusu mawakili. Jumla, pamoja na master, ni miaka saba, kama hakuna mwaka uliorudiwa wala mgomo. Anayetaka kuwa hakimu au mwendesha mashtaka anangoja mashindano ya kuajiri yafunguliwe.

Hesabu hiyo familia iifanye pamoja mezani, kabla ya kulipa sehemu ya kwanza ya minervali.