Hesabu ya Mkataji wa Sialkot

Mpira wa miguu wa mtindo uliozoeleka huundwa kwa vipande 32, yaani pembesita 20 na pembetano 12, na mjini Sialkot, Pakistani, ambako ushonaji wa mipira kwa mkono umelisha familia nyingi kwa miongo kadhaa, vipande hivyo hukatwa katika pande la ngozi bandia kwa chuma chenye makali kinachogandamizwa na mashine. Pembesita hazina taabu, kwani hupangika bega kwa bega kama vyumba vya sega la nyuki. Pembetano ndizo zinazokula mali: zipangwe vyovyote, huacha mapengo, na kila pengo ni plastiki na kitambaa kilichotengenezwa na kununuliwa ili kitupwe.

Desturi ya viwandani ilikuwa kukata pembetano mbili kwa mpigo mmoja, ubavu wa moja ukilala sawasawa juu ya ubavu wa mwenzake. Hata hivyo, zikisogezwa kidogo ili mbavu hizo zipishane, safu hushikana vizuri zaidi na pande lilelile hutoa vipande vingi zaidi. Mpangilio huo ulikwisha elezwa mwaka 1990 na wanahisabati Greg na Włodzimierz Kuperberg, na mwaka 2016 Thomas Hales na Wöden Kusner walitoa uthibitisho kwamba hakuna namna ya kuzipanga pembetano zenye mbavu sawa na pembe sawa itakayojaza zaidi ya takribani asilimia 92 ya eneo. Kwa maneno mengine, hakuna ufundi utakaoyamaliza mapengo yote.

Wachumi David Atkin, Azam Chaudhry, Shamyla Chaudry, Amit Khandelwal na Eric Verhoogen waliugeuza mpangilio huo kuwa chuma cha kukatia, na mwaka 2012 wakaanza kukigawa bure kwa viwanda 35 vilivyochaguliwa kwa bahati nasibu. Miezi 15 baadaye, vitano tu kati yake vilikuwa vinakitumia.

Ni rahisi kuwalaumu wakataji, ambao wenye viwanda waliwataja kuwa ndio hasa wasiokitaka, lakini hesabu ya mkataji inastahili kusikilizwa mpaka mwisho. Kwa kawaida yeye hulipwa kwa kipande, si kwa mwezi. Ngozi bandia inayookolewa si yake, na faida ya kuiokoa, hata ikiwa ndogo, huingia katika mfuko wa mwajiri. Chuma kipya humpunguzia kasi, angalau mwanzoni, kwa kuwa mikono iliyozoea kupanga kwa namna moja lazima ijifunze upya pa kukiweka, na kila dakika ya kujifunza ni ujira uliopotea ambao hakuna anayemrudishia. Basi akimwambia bosi kwamba chombo hakifai, anatetea chakula cha nyumbani kwake, na bosi, asiyekata mwenyewe, hana njia ya kujua kama maneno hayo yanahusu chombo au ujira.

Watafiti waliijaribu hoja hiyo mwaka 2013 kwa kuahidi mshahara wa takribani mwezi mmoja kwa mkataji mmoja na mchapaji wa nembo mmoja katika kila kiwanda walichokiteua, kwa sharti kwamba waonyeshe mbele ya mwenye kiwanda kuwa wanaweza kukitumia chombo hicho. Matumizi yakapanda katika viwanda hivyo, ilhali vilivyokosa ahadi hiyo vikabaki palepale. Zaidi ya hayo, kiwanda kimoja kikubwa kati ya vilivyotangulia kukitumia kilikuwa kikiwalipa wakataji wake kwa mwezi.

Fedha za ahadi hiyo, hata hivyo, zilitoka kwa watafiti. Kwa nini wenye viwanda, ambao ndio wangevuna akiba ya malighafi mwaka baada ya mwaka, hawakuzitoa wenyewe? Na mkataji aliyekwisha kujifunza, ambaye sasa kila pande lake linaacha mabaki machache, anadai fungu gani la kile anachookoa, na anamdai nani?